Kioo Kilichoingia Ukungu



Likizo iliyopita mjukuu wetu wa darasa la sita alitoka Ruangwa akaja kukaa nasi hapa Nachingwea. Alikuja na boksi aliloletewa na mjomba wake kutoka Japani. Ndani mlikuwa na gari la plastiki la kuunga mwenyewe, mfano wa Datsun 240Z, lile jekundu lenye boneti nyeusi ambalo Edgar Herrmann alishindia mbio za East African Safari mwaka 1971. Wazee wenzetu watakumbuka. Mbio zile zilifanyika siku za Pasaka, na sisi wa umri wa miaka 13 tulikuwa na magari yetu ya waya, magurudumu ya kandambili zilizochakaa, kila mmoja akiliita lake Datsun. Basi mtaelewa kwamba boksi lile halikumfurahisha mtoto peke yake.

Ukilifungua huoni gari. Unaona fremu za plastiki zilizoshika vipande vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake, pamoja na karatasi ya michoro. Kipimo chake ni 1 kwa 24, yaani gari la mita 4 na kidogo linakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi. Kipande hukatwa kwa wembe, husuguliwa kwa msasa, hujaribishwa mahali pake bila gundi, ndipo hugundishwa. Kijana alikuwa mvumilivu kuliko babu yake. Siku mbili nzima alishughulikia upande wa chini wa gari, ambao likisimama mezani hakuna atakayeuona.

Gundi ya kazi hii huyeyusha kidogo plastiki ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Hiyo hatukuwa nayo. Tulinunua supa gluu dukani. Ilipofika zamu ya kioo cha mbele kijana alisema, “Babu, tuijaribu kwanza kwenye kipande kibovu.” Giza lilikuwa linaingia, na sisi tulitaka kuliona gari limekamilika. Tukapaka wenyewe, tukabandika, tukalifunika ndani ya boksi lake hadi asubuhi.

Asubuhi kioo kilikuwa cheupe kama kimeingia ukungu. Tulimwita mtoto mbele ya wenzake waliokuja kutazama, tukamwambia ameshika kioo kwa vidole vyenye gundi, kwamba ni mzembe na kwamba kazi za watu wenye akili hazimfai. Hakujibu neno. Nasi, kwa desturi ya miaka 36 ya ualimu, tulihesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukiri. Kesho yake alirudi Ruangwa, na boksi aliliacha.

Wiki mbili baadaye tulipeleka simu kwa fundi sokoni. Tulimwona akitumia gundi ile ile, lakini mbali na kioo, na mahali pa wazi. Tulipomwuliza sababu alieleza kwamba mvuke wake hutua juu ya kitu kinachong’aa ukakifanya cheupe, hasa mahali palipofungwa. Hakuna haja ya mtu kukigusa. Tulisimama pale kibandani tukiona aibu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumapili tulikusudia kupokea Ushirika Mtakatifu. Mnajua mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo 5, juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tuliyahubiri mara nyingi kwa watu wazima waliogombania mashamba ya mikorosho. Hatukuwahi kufikiri kwamba ndugu huyo aweza kuwa na miaka 12. Sisi walimu twapenda sana Waefeso 6 mstari wa kwanza, unaowaagiza watoto kutii. Mstari wa nne, unaowaonya baba wasiwachokoze watoto wao, twausoma haraka.

Tulitafuta njia za mkato. Tulifikiri kupiga simu, au kumtumia mpira mpya bila maelezo. Na katika Misa si kila mara tunaungama kwa sauti moja? Ndiyo, tunaungama, na ni rahisi kwa sababu hakuna anayetajwa. Hata hapa tunaandika “sisi”, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini aliyemsingizia mtoto ni mzee mmoja, naye anajulikana.

Jumamosi tukapanda basi kwenda Ruangwa. Mama yake alituamkia, akaweka chai. Tuliposema tumekuja kumwomba mtoto radhi, aliona haya. “Baba, yamekwisha hayo, huyu ni mtoto tu.” Tulimwomba amwite. Tukamweleza habari ya mvuke, tukasema, “Hukugusa. Tuliokosa ni sisi. Utusamehe.”

Alitazama chini, kisha akasema, “Nilijua sikugusa, Babu. Lakini mwisho nilianza kufikiri labda niligusa.”

Ndugu, maneno hayo hatujayasahau. Kioo kikiingia ukungu hudhurika kitu cha plastiki. Mtoto huyu tulikuwa tumeanza kumfanya asiamini ukweli aliokuwa nao mwenyewe. Ni wangapi madarasani walinyamaza hivyo mbele yetu? Hao hatuwezi kuwafuata kwa basi. Tunawataja katika sala bila majina, na tukikutana na mmoja wao njiani tunamsalimu sisi kwanza.

Alitusamehe, lakini si papo hapo. Aliuliza kwanza kama wale wenzake wa Nachingwea wataambiwa. Wameambiwa. Kioo tumekisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kimerudi kung’aa isipokuwa kona moja. Vimebaki vioo viwili vya pembeni, na ametuagiza tusiguse gundi mpaka aje Desemba.