Kuosha Injini

Barabara itokayo mjini Mwanza kwenda Usagara hupita Nyegezi, penye kituo kikubwa cha mabasi. Mahali penye mabasi hapakosi mafundi, na mahali penye mafundi ardhi hubadilika rangi: mchanga uliosagika kutoka katika majabali ya nchi ile huwa mweusi wenye kung'aa, kwa sababu kila chombo kilichosimama hapo kimeacha tone lake. Mpita njia huliona doa akaliruka. Fundi huliona akauliza limetoka wapi. Na swali hilo, lidhaniwalo kuwa dogo, lina ndani yake jambo la maadili ambalo wanafalsafa walilibishania karne nyingi kabla motokaa haijabuniwa.

Yafaa kwanza kazi yenyewe ifahamike. Aghalabu oili haidondoki chini ya mahali inapovuja. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava, ikikauka na kupasuka kwa joto la miaka mingi, oili hutoka juu, hushuka polepole ubavuni mwa injini, hufuata kila mfereji na kila kichwa cha bolti, na mwishowe hudondoka kutoka sampu, yaani bakuli la chini. Gari likiwa mbioni, upepo huisukuma nyuma hata ikaipaka giaboksi isiyo na kosa. Mwenye gari akiinama huona sampu imelowa, naye huapa kwamba sampu imetoboka. Fundi mwenye haraka humwamini, hufungua sampu, hubadilisha gasketi yake, hupokea ujira; na baada ya juma moja doa liko pale pale. Hapana aliyesema uongo katika habari hiyo, walakini ukweli haukusemwa. Aristotle alitofautisha kujua kwamba jambo lipo na kujua kwa nini lipo. Chini ya mwembe wa Nyegezi tofauti hiyo ni fedha ya mtu iliyopotea.

Tena si kila kinachodondoka ni oili ya injini. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni mekundu. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa ya kijani au waridi. Na tone la maji safi chini ya gari lenye kiyoyozi si ugonjwa hata kidogo. Wala si kila oili iliyopungua imevuja nje. Ringi za pistoni zikichakaa, oili huungua ndani ya silinda na kutoka kwa moshi wa buluu katika ekzosi, ardhi ikabaki kavu. Ziko hata sili nzima zinazosukumwa na kosa la kiungo kingine: injini ina njia yake ya kupumulia, na njia hiyo ikiziba, au ringi zikipitisha gesi nyingi, shinikizo hupanda ndani na kuitoa oili kwa nguvu penye udhaifu wowote. Fundi akiibadilisha sili hiyo mara tatu, itavuja mara tatu. Sili imeadhibiwa kwa hatia isiyo yake.

Njia ya kulifumbua fumbo hili ni nyepesi. Fundi mwema huosha injini. Huondoa uchafu wote wa zamani, huikausha, hupima oili kwa kijiti chake na kuijaza hadi alama, kisha huiwasha akangoja. Wengine hunyunyiza poda nyeupe penye mashaka ili oili ijionyeshe. Wengine wenye vyombo hutia ndani ya oili rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Na aliye maskini wa vyombo hutandika kipande cha boksi chini ya gari usiku kucha. Mchirizi mpya unaoonekana juu kuliko mingine yote ndio chanzo, au ni jirani wa chanzo. Kuosha huko ni kunyamazisha uvumi wa miaka ili shahidi mmoja asikike.

Na ichukuliwe sasa habari ya pili. Mtu ana basi dogo, naye anataka kuliuza. Sili ya nyuma ya krenkshafti imechoka. Sili hiyo ni kipande kidogo cha mpira, cha bei ndogo, lakini hukaa kati ya injini na giaboksi, na ili kuifikia sharti giaboksi ishushwe. Hiyo ni kazi ndefu yenye ujira wake. Mwenye gari hataki gharama. Humwita fundi na kumwambia: "Ioshe injini, mnunuzi anakuja saa nane." Fundi huchukua maji yale yale, sabuni ile ile na brashi ile ile. Mnunuzi, aliyeweka akiba miaka mingi, hufika, hufungua boneti, huinama, huona chuma kinameta, hulipa. Majuma machache baadaye, njiani kwenda Shinyanga, oili imekwisha pasipo mtu kuipima. Beringi hukosa utando mwembamba unaotenga chuma na chuma. Husagana, na injini hukwama. Karo ya watoto wake imekwama pamoja nayo.

Kitendo ni kimoja. Kwa nini cha kwanza kiitwe uaminifu na cha pili hila? Jibu la haraka ni nia, walakini jibu hilo halitoshi. Fundi wa habari ya pili hakukusudia kumdhuru mtu. Nia yake ilikuwa ujira wa siku, nayo ndiyo nia ya fundi wa kwanza pia. Tofauti haimo katika maji wala katika moyo peke yake, imo katika muda unaofuata. Aliyeosha ili atengeneze huupa uvujaji nafasi ya kurudi mbele ya macho yake. Aliyeosha ili auze huuza ndani ya saa zile ambazo uvujaji haujapata nafasi ya kurudi.

Cicero, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake juu ya wajibu, aliyoyaandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia ubishi wa namna hii baina ya Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Nyumba inauzwa, ina wadudu vyumbani na mbao mbovu, na mwenyewe peke yake ndiye ajuaye. Diogenes alishika kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, mnunuzi ana macho na akili yake, tena kunyamaza si kuficha. Antipater alishika kwamba kumwacha mtu akimbilie hasara kwa kutojua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero alimfuata Antipater. Lakini kwa injini iliyooshwa haihitajiwi kwenda mbali hivyo, kwa maana hata hoja ya Diogenes haimwokoi muuzaji. Hoja hiyo husimama juu ya macho ya mnunuzi, na sabuni imeyanyima macho hayo kazi. Muuzaji huyo hakunyamaza. Amesema kwa brashi. Hata sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa, iliyochukua umbo lake kwa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humwachia mnunuzi aliyekagua mali mzigo wa kasoro ambazo ukaguzi ulipaswa kuzifichua. Mnunuzi wa Nyegezi amekagua, maskini, na ukaguzi wake ndio utakaomshtaki.

Na fundi je? Atasema aliagizwa kuosha, akaosha. Dobi akifua shati lenye damu pasipo kujua habari yake, hana neno. Akiijua, hali ni nyingine. Fundi ataongeza kwamba akikataa yeye, kijana wa mwembe wa pili ataosha. Udhuru huu una uzito kwa mtu mwenye nyumba yenye njaa, na msomaji aliyeshiba asiudharau. Walakini unathibitisha tu kwamba gari litaoshwa, hauthibitishi kwamba yampasa yeye kuliosha hali amenyamaza. Anaweza kumwambia mwenye gari, kabla ya kufungua bomba, kwamba sili ya nyuma inavuja na kwamba akiulizwa hatakana. Gumu zaidi ni kama yampasa kusema asipoulizwa, kwa kuwa siri za kazi ni amana ya aliyemwajiri. Yamkini uvujaji unaochafua ardhi tu waweza kuachiwa wenye kupatana bei. Uvujaji unaoweza kuua injini safarini, au unaodondokea ekzosi yenye moto katika basi lililojaa watu, haumo katika amana ya mtu yeyote.

Yuko tena yule asiyemuuzia mtu gari, bali kila asubuhi huongeza nusu lita ya oili na kwenda zake, au hupaka silikoni juu ya ufa, nyingine ikamegeka ndani na kuziba chujio la oili. Huyu husema anajidhulumu mwenyewe, basi. Mvua haikubali usemi huo. Maji yanayoosha viwanja vya Nyegezi huteremka ziwani, na Ziwa Viktoria halina mto mwingine wa kutokea ila Nile, mbali kule Jinja. Butimba, jirani ya Nyegezi, ndiko jiji linakovuta sehemu ya maji yake ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 za ufuko kuwa za kulindwa, na oili haijui kuhesabu mita.

Wanunuzi wazoefu hawafurahii injini inayometa. Huuliza imeoshwa lini. Kisha huomba gari liendeshwe hadi Buhongwa na kurudi, lizimwe, na kipande cha boksi kitandikwe chini yake wakati watu wanakunywa chai. Muuzaji mwenye la kuficha hukumbuka ghafula kwamba ana safari. Asiye nalo huagiza chai ya watu wawili.