Mikono Inayoinuliwa Lubumbashi Inaelekea Wapi?

Mwezi wa sita baridi hutawala Lubumbashi. Mvua zimeshaaga, anga halina wingu, na katika mitaa ya mji iitwayo Kenya, Katuba na Ruashi yako makanisa yanayokesha kwa maombi. Saa nne usiku mchungaji anawaambia waumini wainue mikono. Juu kabisa ya vichwa vyao, nyuma ya bati la kanisa, zipo nyota za Mizani. Saa kumi alfajiri, sauti zikiwa zimekauka, anawaomba wainue mikono tena. Safari hii juu ya bati zimefika nyota za Mbuzi na za Ndoo, na Mizani inazama magharibi.

Hakuna muumini aliyehama mahali pake. Kilichogeuka ni sakafu. Katika saa sita hizo Dunia imekwenda robo ya mzunguko wake, nyuzi 90, na imewachukua wachungaji, vipaza sauti na watoto waliolala kwenye viti. Lubumbashi nzima, pamoja na Kamalondo na uwanja wake wa mpira, hukimbizwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kama mikono ya saa nne na mikono ya saa kumi ingeacha mistari angani, mistari hiyo ingekutana kama kuta mbili kwenye kona ya chumba.

Basi maombi yalielekea juu ipi?

Wakongomani wana ushahidi wa umbo la sayari yao kila wanapopiga simu. Lubumbashi huitangulia Kinshasa kwa saa moja rasmi. Kwa jua lenyewe huitangulia kwa dakika 49 hivi, maana miji hiyo imetenganishwa na nyuzi 12 za longitudo. Lisilosemwa sana ni kwamba juu ya Kinshasa si juu ya Lubumbashi. Simika nguzo moja wima katika kila mji: nguzo hizo hazitakuwa sambamba, zitaachana kwa nyuzi 14. Na baharia aliye upande wa pili kabisa wa Dunia, katika Pasifiki kusini mwa Hawaii, akiinua mikono yake, ataielekeza kinyume kamili cha mikono ya Katuba.

Habari za watu wa upande huo wa pili zilimsumbua Mwafrika mmoja wa kale. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika katika *Mji wa Mungu* kwamba hakuona sababu ya kusadiki kuwa kuna wanadamu ambao nyayo zao zinatazamana na zetu. Katika hilo alikosea. Lakini miaka mingi kabla, akiwa bado padri, karibu na mwaka 394, alifafanua Sala ya Bwana na kugusa jambo hili kwa akili kali sana. Ikiwa Mungu anakaa mbinguni kwa maana ya sehemu za juu za ulimwengu, alisema, basi ndege wametuzidi, kwa kuwa wanaishi karibu naye zaidi. Kwa hesabu hiyo Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ingekuwa na Mungu jirani kuliko Kinshasa iliyo kwenye mita 300 hivi. Mkazi wa Kinshasa hawezi kulikubali hilo, na Agostino naye asingelikubali. Kwake, mbingu anamokaa Mungu ni watu wenye haki. Waumini wa zama zake walisali wakielekea mashariki. Akawaeleza kwamba wanageuka hivyo ili mwili uikumbushe roho kugeukia kilicho bora, wala si kwa sababu Mungu yuko mashariki kuliko kwingine.

Hoja hiyo ilisahauliwa na watu wa pande zote. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka Dunia. Wakati huo Lubumbashi iliitwa Élisabethville, nayo ilikuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga. Propaganda ya Kisovieti ikajigamba baadaye kwamba mwanaanga alifika huko juu na hakumkuta Mungu. Aliyekuwa amemsoma padri wa mwaka 394 hakuwa na la kuogopa, maana Mungu anayeweza kukutwa kwa kupanda kilomita 300 angekuwa wa ndege tangu mwanzo.

Mji wenyewe una mchango wake katika mjadala huu. Mwaka 1945 kilichapishwa Élisabethville kitabu *La Philosophie bantoue* cha Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi miaka mingi kati ya Waluba. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu zimepangwa kwa ngazi: Mungu, mababu wa mwanzo, marehemu wengine, walio hai, kisha wanyama, mimea na madini. Katika mpango huo juu ni cheo, wala hapaonyeshwi kwa kidole. Bibi aliyezikwa mita mbili chini ya udongo yuko juu ya mjukuu anayemwagia pombe kaburini.

Wasomi wa Kiafrika hawakukiacha kitabu hicho kipite hivihivi. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, alikichambua katika *The Invention of Africa* ya mwaka 1988, akionyesha jinsi maarifa mengi kuhusu Afrika yalivyojengwa kwa maswali na vipimo vya wageni. Hata hivyo, si lazima mtu akubali ngazi yote ya Tempels ili aone kwamba wazo la juu isiyo mahali halikuletwa Katanga na darubini.

Uislamu wa mji huu umelimaliza suala la mwelekeo kwa njia nyingine. Mwislamu wa Lubumbashi husali akielekea kaskazini kwa kuegemea mashariki, nyuzi 20 hivi. Upande huo hupatikana kwa hesabu ya tufe, au kwa fimbo na kivuli. Karibu na tarehe 28 Mei, na tena 16 Julai, jua la adhuhuri husimama juu ya Kaaba hasa. Mwezi wa tano hilo hutokea saa tano na dakika 18 asubuhi kwa saa za Lubumbashi. Simika fimbo wima wakati huo, kipe kivuli chake mgongo, na uso wako umeipata Makka. Hapa umbo la sayari limeingia ndani ya ibada yenyewe, na hakuna aliyepungukiwa imani kwa hilo.

Wapo watakaosema kwamba mikono iliyoinuliwa ni ishara, na ishara haidaiwi jiografia. Ni kweli. Lakini ishara hufundisha, kama Agostino alivyojua. Anayezoezwa kila wiki kwamba kitakatifu kiko juu hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba kilicho chini ni cha kuchimbwa, kuuzwa na kuachwa. Katika mkoa unaoishi kwa madini, somo hilo la pili lina wanafunzi wengi.

Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Mgodi wake ulianza mwaka 1924 na mashimo yake yanashuka zaidi ya kilomita moja. Kwa mchimbaji aliye huko chini, juu ni mwanga kwenye mdomo wa shimo, na nyumbani. Anachokipasua ni madini, ngazi ya mwisho kabisa katika orodha ya Tempels. Astronomia ya kisasa inaipindua ngazi hiyo. Shaba haikuzaliwa katika udongo wa Katanga: sehemu yake kubwa iliundwa ndani ya nyota nzito kuliko Jua, zilizolipuka na kutawanya mavumbi yake kabla Jua halijawaka. Miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita mavumbi ya namna hiyo yalijikusanya yakawa Dunia. Baadaye sana, maji ya chumvi yaliyopenya kwenye miamba yaliikusanya shaba na kobalti katika tabaka zinazochimbwa leo. Dunia yenyewe iko angani, na anayechimba Kipushi anachimba angani.

Wakulima wa zamani walielekea kulijua hilo kwa vitendo. Nyota za Kilimia huchomoza mashariki jioni za mwezi wa kumi na moja, mvua zinapoanza na mahindi yanapopandwa, na hupotea kwenye machweo ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha. Aliyeitazama Kilimia aliinua macho kwa ajili ya shamba.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga, watoto wakiwemo. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi mno, kiwango kikubwa kuliko kilichowahi kuripotiwa popote kwa wakazi wa kawaida. Kobalti nayo ilitengenezwa na nyota zilizolipuka. Iko katika miili ya waumini walewale wanaokesha, imeingia kwa vumbi, maji na chakula. Mchungaji anayehubiri kwamba Mungu aliziumba mbingu na nchi ana hapo mahali ambapo vyote viwili vimekutana, na akitaka kuhubiri hadi mwisho itambidi aseme ni nani aliyelitoa vumbi hilo ardhini, ni nani aliyelipwa, na ni nani anayepaswa kulisafisha.