Jumatano: Vikombe Saba

Soma Yeremia 35:1–19.

Tarehe 25 Desemba 1600, Moritz, mtawala wa Hesse huko Ujerumani, alianzisha chama cha kiasi kwa ajili ya mabwana wakubwa. Wanachama waliahidi kuacha ulevi. Lakini kanuni iliwaruhusu vikombe saba vya divai katika mlo mmoja, milo miwili kwa siku. Kusudi lilikuwa jema, ila jumla ilifika vikombe kumi na vinne!

Warekabi hawakuweka hesabu. Yeremia aliwaingiza katika chumba cha nyumba ya Bwana, akawawekea divai, akawaambia wanywe. Aliyewakaribisha alikuwa nabii, na mahali palikuwa patakatifu. Hata hivyo walikataa bila matusi, wakaeleza agizo la baba yao Yonadabu. Mungu akausifu utii wao mbele ya Yuda.

Waadventista wa Marekani nao walianzisha chama cha afya na kiasi mwaka 1879, Dkt. John Harvey Kellogg akiwa mwenyekiti. Waliotia sahihi ahadi kamili waliacha pombe, tumbaku, afyuni, chai na kahawa.

Kwa mshiriki wa vijiji vya Mlima Meru, mara nyingi jaribu halianzii baa. Linaanzia kwenye kikao cha ukoo. Posa inapopokelewa au ugomvi unaposuluhishwa, pombe ya ndizi huzungushwa, na kijana anayekirudisha kibuyu huonekana amewadharau wazee. Haambiwi alewe, anaambiwa aonje tu. Hapo ndipo vikombe saba vinaporudi kwa jina la heshima.

Warekabi walikuwa na kitu ambacho kijana huyo mara nyingi hana: walikuwa wengi, wakajibu kwa sauti moja. Ahadi ya kiasi hulindwa na neema ya Mungu (Wafilipi 2:13), na neema hiyo hutumia pia ndugu wanaokaa karibu. Mzee wa kanisa anayefuatana na kijana kikaoni, akawasalimu wazee kwa adabu na kuketi naye hadi mwisho, anafanya kazi ya kiasi kuliko hotuba nyingi.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki anapotakiwa kuchangia fedha za pombe ya ukoo, afanyeje ili asivunje ahadi wala undugu?

2. Katika darasa lenu, ni nani anakwenda peke yake kwenye kikao cha namna hiyo? Nani atafuatana naye?