Hukumu Kabla ya Kipimo

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wa falsafa wameyashughulikia tangu zama za kale, ni machache yanayoingia nyumbani mwa watu kwa wingi kama hili: mtu aliyejulikana kwa bidii akibadilika, akawa mzito wa kuamka, mzito wa kunena na mzito wa kukumbuka, au mtu aliyesifiwa kwa upole akawa mwepesi wa hamaki, asiyeweza kutulia kitini mchana wala kulala usiku, je, lawama iende kwa nafsi yake au iulizwe kwanza hali ya mwili wake? Jamaa na majirani aghalabu hawangoji jawabu. Wa kwanza hukumbushwa kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Wa pili huambiwa hana subira, ama amepagawa na shetani, na huenda akapelekwa kuzinguliwa. Katika madhambi saba makuu ambayo Kanisa Katoliki limeyafundisha kwa karne nyingi, uvivu na ghadhabu vimo vyote viwili, na Uislamu nao huyakemea mambo hayo kwa mkazo usiopungua. Sipingi mafundisho hayo hata chembe. Ninalouliza ni namna tunavyomtambua mwenye dhambi.

Katika shingo ya kila mwanadamu, chini kidogo ya kikoromeo, imelala tezi ya thairoidi, yenye mabawa mawili yaliyoikumbatia njia ya pumzi, na uzito wake kwa mtu mzima mwenye siha ni gramu 20 au 25 tu. Homoni zinazotoka humo huamuru mwendo wa mambo mengi mwilini: kasi ya moyo, joto la ngozi, haja ya tumbo, hedhi ya mwanamke, kukua kwa mtoto, na wepesi wa fikira. Nazo haziwezi kufanyika pasipo madini joto, ambayo mtu mzima huyahitaji kwa kadiri ndogo ya ajabu, maikrogramu 150 kwa siku, hata aliyejaliwa kuishi miaka 70 huwa hakuhitaji zaidi ya gramu 4 kwa umri wake wote. Mwenye kutafakari kudra ya Mwenyezi Mungu na asimame hapa kitambo, aone kwamba madini yasiyojaa kijiko cha chai yaweza kutenga mtu mwenye akili timamu na mtu aliyedumaa akili tangu tumboni mwa mama yake.

Historia ya tiba imehifadhi ushahidi wa hukumu za haraka. Mwaka 1873 William Gull, tabibu wa London, alieleza habari za wanawake watu wazima ambao nyuso zao zilivimba, ndimi zao zikawa nzito, na akili zao zikapooza polepole. Naye hakuwa na dawa ya kuwapa. Mwaka 1949, dawa ilipokuwa imekwisha kupatikana zamani, Richard Asher wa mji uo huo alitangaza habari za wagonjwa 14 waliopatwa na wazimu uliotokana na upungufu wa tezi hii, na wengi wao walipopewa dawa ya tezi walirejewa na akili zao. Nawafikiria watu hao kabla hawajapimwa. Anayewadhania jamaa zake mabaya, au anayesikia sauti zisizokuwapo, huwa amekwisha kuhukumiwa na kila aliye karibu naye, na hukumu ile humfuata hata baada ya kupona, kwa maana watu husahau upesi jina la maradhi, bali tusi hawalisahau.

Tabibu mwenye ujuzi haanzi na damu. Humtazama mgonjwa anavyoingia, husikiliza sauti yake kama imekwaruza, humshika mkono aone kama ngozi ni kavu na baridi au ina jasho na kutetemeka. Humpa bilauri ya maji anywe, huku akiangalia kama uvimbe wa shingoni unapanda na kushuka pamoja na kumeza, kwa kuwa tezi hii imeshikamana na njia ya pumzi na husogea nayo. Kisha humwambia apige magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nyuma, akamgonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Wayo huruka kama ilivyo ada, lakini kwa mtu aliyepungukiwa na homoni hurejea mahali pake kwa ulegevu, mpaka jicho huweza kuufuata mwendo wake. Mimi naona katika wayo ule hoja kubwa kuliko vitabu vingi vya maadili. Hapana awezaye kuulegeza kwa uvivu wala kuuharakisha kwa bidii. Irada haina amri juu yake. Na wepesi uliopungua hapo ndio uliopungua katika kauli, katika kumbukumbu, na katika kuinuka kitandani alfajiri.

Ndipo damu hutolewa mkononi, mililita chache, ikapelekwa maabara. Huko hupimwa homoni ya thairoidi yenyewe, na pamoja nayo hupimwa homoni nyingine iitwayo TSH, itokayo katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari hufanya kazi kama mnadi apitaye mitaani: watu wakiitika hupunguza sauti, wasipoitika huipaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, aghalabu thairoidi imelegea. Ikiwa chini mno, aghalabu thairoidi imezidi kazi. Na wengi wasomao karatasi zao peke yao hufahamu kinyume. Kupima vitu vidogo kiasi hiki ndani ya damu hakukuwezekana hadi Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson walipovumbua njia yake huko Marekani, na Yalow akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1977.

Walakini kipimo nacho kina mipaka yake, na hapa ndipo mwenye kufikiri anapopaswa kwenda taratibu. Maabara nyingi huandika kwamba TSH ya mtu mzima iwe kati ya 0.4 na 4.0, au karibu na hapo. Mpaka wa namna hiyo hupatikana kwa kuwapima watu wengi wasio na ugonjwa unaojulikana, wakachukuliwa 95 wa katikati katika kila 100, hata watano waliosalia, nao ni wazima, wakaangukia nje ya mstari kwa jinsi ulivyochorwa. Mja mzito ana mpaka wake mwingine. Na vidonge vya biotini, vinavyomezwa kwa ajili ya nywele na kucha, vyaweza kukipotosha kipimo katika mashine nyingi. Ndiyo maana namba iliyopita mstari kidogo haitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa. Tabibu mwangalifu huirudia baada ya majuma kadhaa au miezi. Na karatasi ikisema kiwango ni sawa, haikusema kwamba aliyelalamika ni mwongo, wala haikutoa fatwa kwamba yeye ni mvivu. Imejibu swali moja tu ililoulizwa tezi.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanafungua mlango wa kila mtu kujitetea kwa mwili wake, hata hiari ya mwanadamu ikawa haina maana. Hofu hiyo ina haki, lakini nadhani imekosea mahali pa kusimama. Wanachuoni wa fiqhi wamefunga taklifu na uwezo, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua saumu pasipo dhambi. Hawakuona kwamba ruhusa hiyo imeivunja saumu. Tena kujulikana kwa maradhi hakumwondolei mtu wajibu, humpa mwingine. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mwanamke yule akaendelea na dawa hiyo hadi alipokufa mwaka 1919, baada ya kutumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Miaka 28 ya kuipokea dawa isiyoponya bali inayojaza pengo! Leo ni kidonge kidogo cha alfajiri kabla ya kula, na katika Ramadhani tabibu hupanga saa yake. Lakini ustahimilivu unaotakiwa ni ule ule, nao ni kazi ya irada hasa.

Liko jambo linaloniuma zaidi ya haya yote. Tangu mwaka 1974, Jean Dussault alipoonyesha huko Quebec kwamba tone la damu ya mtoto mchanga hutosha kuufichua upungufu huu, mtoto aliyezaliwa nao aweza kuanza dawa katika majuma yake ya kwanza akakua na akili yake kamili. Naye asiyepimwa hudumaa, akaitwa zuzu maisha yake yote. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kipimo hicho bado si desturi. Sioni kwamba tuna haki ya kuliita hilo takdiri, maadamu dawa ipo na njia ya kuujua ugonjwa ipo.

Nawasihi basi masheikh, mapadri, walimu na wazee wa nyumba, wanaoletewa mashauri ya mke aliyelegea, kijana aliyepoteza usikivu, au baba aliyegeuka mkali pasipo sababu: kabla ya kutoa waadhi, muulizeni kama amekonda au amenenepa pasipo kubadili chakula, kama anahisi baridi wenzake wakitoka jasho, kama moyo wake humwenda mbio akiwa ameketi, mtazameni shingoni, na mkiona dalili hizo, mpelekeni akapimwe kwanza, kisha ndipo mzungumze naye habari za nafsi yake.