Miti ya Babu ni ya Nani?

Katika nchi ya Rungwe, kandokando ya mji wa Tukuyu, ni jamaa chache zisizokuwa na miti yao. Mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa majivu ya volkano, na karibu kila kinachopandwa huota. Lakini ardhi yenyewe ni finyu. Baba hukigawa kipande chake: hapa migomba, hapa chai, hapa viazi au parachichi. Na pale penye mteremko mkali, au kando ya korongo, au nyuma ya makaburi ya ukoo, huiacha miti ya asili isimame, au hupanda milingoti, mipaina na mianzi. Msitu huo mdogo ndio ghala ya jamaa. Humo hutoka kuni, nguzo, mbao za paa, ada ya shule, hata mbao za jeneza.

Basi baba hufariki. Msitu humwangukia mwanawe, na siku moja mnunuzi hufika akiwa na fedha mkononi na mashine ya kupasulia mbao nyuma yake. Ataka miti yote, mikubwa kwa midogo, ikiwa ingali imesimama. Mama husikitika, wadogo hunung'unika, wazee huja kusema neno. Mrithi huwajibu wote kwa swali moja: “Je, si mali yangu?”

Swali hilo si la kipumbavu, wala anayeuliza si lazima awe mtu mbaya. Yatupasa tulijibu kwa makini, maana si la Rungwe peke yake. Kila mahali palipo na shamba la urithi litaulizwa, ikiwa si leo, basi kesho.

Kwanza tumpe mrithi haki yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yautambua msitu wa mtu binafsi, mbali na ule wa Serikali na ule wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yamlinda mwenye ardhi kwa haki ya kimila. Kanisa nalo halikufundisha kamwe kwamba kuwa na mali ni dhambi. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kujipatia mali na hata ardhi yake mwenyewe. Kwa hiyo jirani au mzee wa ukoo hawezi kumnyang'anya mrithi msitu wake kwa kuwa tu haupendi uamuzi wake.

Lakini sheria zilezile za ardhi za mwaka 1999 zasema pia kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Tulitafakari neno hilo, mdhamini. Ikiwa mkuu wa nchi ameikabidhiwa ardhi ili aitunze kwa ajili ya wengine, je, mwenye eka moja pale Tukuyu atajidai ana mamlaka makubwa kuliko yake?

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mapema, katika andiko lake la mwaka 1958 liitwalo Mali ya Taifa. Alifundisha kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu wote, na anachoweza mtu kukiita chake kwa haki ni kazi aliyoifanya juu ya ardhi hiyo. Tulipime swali la mrithi kwa kipimo hicho. Nani alichimba mashimo? Nani alibeba miche kichwani kuupanda mlima? Nani aliwafukuza mbuzi na kuzima moto wa kiangazi? Ni babu, na bibi pamoja naye. Mrithi hakupanda, amekuta. Jasho lililomo katika magogo yale si lake. Haki yake yatokana na imani ya waliomkabidhi, na kitu kilichokabidhiwa kwa imani huja na masharti yake hata kama hayakuandikwa popote.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuvitunza vitu na kuvisimamia, hilo yafaa liwe la mtu mmoja mmoja, kwa sababu mali ya wote haitunzwi na yeyote. Kuvitumia ni jambo jingine: hapo mtu asivihesabu kuwa ni vyake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Kwa maneno mengine, mali ya binafsi ni njia ya kumpata mtunzaji mwema. Mwenye mali asiyetunza ameiondoa sababu ya kuwa mwenye mali.

Wafugaji wa Rungwe hawahitaji vitabu kuelewa neno hili. Mwenye ng'ombe hunywa maziwa, huchinja dume siku ya sherehe, hutoa mahari. Lakini akiliuza kundi zima, majike na ndama, ili anywe pombe msimu mmoja, hakuna atakayesema kwamba ametumia haki yake vema. Vivyo hivyo, miti ni mazao, na msitu ni kundi.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ambayo yastahili kukumbukwa. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Hapo wazee walikabidhi utawala na kusogea kando, ili wana wao wapate mahali pa kukaa na kulima. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi kati yao katika miaka ya 1930, waliyaeleza mambo hayo kwa urefu. Hatusemi kwamba kila cha kale kilikuwa chema. Twasema tu kwamba watu wale waliona ni jambo la kawaida mzee kuondoka mahali pazuri kwa ajili ya anayekuja nyuma yake.

Kisha ikaja kahawa. Mbuni hukaa miaka mingi, na aliyeupanda hakuwa tayari kuuacha na kuhama. Ardhi ikaanza kukaza mikononi mwa mtu mmoja mmoja, na desturi ile ya kupishana ikafifia. Twaona basi jinsi haki ya mrithi wa leo ilivyozaliwa: mti wa kudumu ulimpa mtu ardhi ya kudumu. Naye anayeung'oa mti wa kudumu asipande mwingine aikata mizizi ya hoja yake mwenyewe.

Kulikuwa pia na vichaka vitakatifu mahali walipozikwa machifu, na kile cha Lubaga, cha Lwembe, kilijulikana kote. Watu waliogopa kukata humo. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na wengine baada yao, Injili ilianza kuifukuza hofu ile, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hofu ilikuwa ikifanya kazi ya mlinzi. Je, mlinzi alipoondoka, nani aliwekwa badala yake? Mkristo amefunguliwa katika hofu ya vichaka. Hakufunguliwa katika wajibu. Lingekuwa jambo la aibu ikiwa miti iliyosalimika chini ya woga wa mababu ingemalizwa na watoto waliobatizwa.

Hapa yafaa tuseme kweli tupu, maana jambo jema halihitaji kutetewa kwa uongo. Watu wengi huhubiri kwamba kila mti huleta maji. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 wataalamu wa Afrika Mashariki walipima mabonde mawili katika milima ya Mbeya, moja lenye msitu wa asili na jingine lililolimwa. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba miti nayo hunywa, na udongo ule wa majivu huipokea mvua kwa urahisi hata ukilimwa. Huko Mokobulaan, Afrika ya Kusini, milingoti ilipandwa mwaka 1969 katika bonde la kijito kimoja, na katika mwaka wa tisa kijito kile kilikauka kabisa.

Je, msitu basi hauna faida? Unazo faida nyingi. Huushika udongo wa mteremko, huyaacha maji yashuke yakiwa safi, huzuia upepo, hutoa kuni na dawa. Lakini tujue kwamba kutunza si kupanda chochote popote. Anayeiondoa miti ya asili penye chemchemi akaweka milingoti atasifiwa kuwa mpanda miti, huku akiwadhulumu walio bondeni. Mtunzaji hana budi kukijua anachokitunza.

Na chemchemi ina neno lake. Miti yaweza kuwa ya jamaa moja, lakini maji yapitayo chini yake ni ya wote wateremkiao hadi Kyela na Ziwa Nyasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini kwa maskini, mita 60 huenda ndizo shamba lake lote. Tukimwambia aliache kwa ajili ya wengine, sharti wengine nao wamwulize: watoto wako watakula nini? Wanaokunywa maji ya bonde wana deni kwa wanaokaa mlimani, nalo halilipwi kwa hotuba. Halmashauri, vikundi vya maji na parokia zaweza kulilipa kwa miche, kwa nafasi za shule, kwa kazi za mikono.

Vivyo hivyo kwa mlima wenyewe. Msitu wa Mlima Rungwe umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009. Humo yupo kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimtaja kabla yao. Haruhusiwi mtu kwenda kukata mbao humo. Basi, kuni na nguzo za watu zitatoka wapi, kama si katika misitu ya jamaa? Anayemaliza msitu wake leo, kesho atauangalia mlima kwa jicho la tamaa.

Tunalijua jibu la maskini: mtoto ni mgonjwa, ada imefika. Na akate! Babu alipanda kwa ajili ya siku kama hiyo, naye angekuwa wa kwanza kushika shoka. Lakini shida moja huhitaji miti kadhaa. Ni mara chache huhitaji msitu mzima. Mpaina huhitaji miaka 18 au 20, hata zaidi, ili utoe mbao nene. Mingi huuzwa ukiwa na nusu ya umri huo, na faida ya miaka iliyobaki huondoka na mnunuzi.

Tusisahau pia neno jamaa lina watu gani ndani yake. Mara nyingi mauzo huamuliwa na wanaume wawili chini ya mti, wakati mama na mabinti, ambao kila siku ndio waokotao kuni humo, wako shambani. Sheria ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Lakini hata kabla ya sheria, haki yatudai kwamba atakayetembea mbali zaidi kutafuta kuni asikilizwe kabla ya mti wa kwanza kuanguka.

Kwa hiyo twamshauri kila mrithi mambo manne. Kata kwa kipimo cha shida yako. Panda kabla hujakata, na mti ufaao mahali pake. Chemchemi na ukingo wa mto usiviguse. Na usiuze kabla hujaketi na jamaa nzima, wake kwa waume, pamoja na vijana ambao kesho wataulizwa swali hilihili.

Naye akisema tena, “Je, si mali yangu?”, tumjibu bila hasira: ndiyo, ndugu, ni mali yako. Ndiyo maana tumekuja kwako, wala hatukwenda kumwuliza mtu mwingine.