Radi Imetumwa na Nani?

Ndugu zetu wa pwani wamezoea upepo ugeukao mara mbili kwa mwaka, kusi na kaskazi. Hapa Kisumu upepo hugeuka mara mbili kwa siku. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku ardhi hupoa, nao upepo hurudi. Huo wa mchana ukutanapo na ule wa mashariki, kwenye milima ya Nandi, mawingu hupanda, na jioni hushuka mvua ya radi, pengine na mawe. Tufani ikipita, mbingu husafika hata milima ikadhaniwa i karibu. Hapo ndipo maneno huanza: radi ile imetumwa. Mvuvi akizama, kizee jirani yake hutiwa tuhumani. Mashua iliyotoboka haiulizwi.

Maneno ya namna hiyo tuliyasikia pia tarehe 3 Novemba 2013. Alasiri ile jua lilipatwa kabisa huko Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kwa sekunde 20 hivi, kisha kivuli kikapita Turkana. Sisi wa Kisumu tulibakiwa na kipande tu cha jua. Wakasema watu: mkubwa gani atakufa?

Na tukumbuke yaliyotokea Madina mwaka wa 10 wa Hijra. Ibrahim, mwana wa Mtume s.a.w., alifariki angali mchanga, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia. Ilikuwa dhana ya mapenzi, na aliyesifiwa kwayo alikuwa baba mwenye msiba. Lau angalinyamaza tu, nani angalimlaumu? Naye hakunyamaza. Aliwasalisha, akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa mwanawe yeye hakupewa heshima hiyo ya uongo, twampa nani sisi?

Hapa vijana wetu waliosoma hutuuliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa mwezi ndio uingiao baina yetu na jua, na dakika yake yajulikana, sala ni ya nini? Twajibu kwamba Qurani yenyewe imetaja kuwa mwenendo wa jua na mwezi una hesabu. Mwenye kuhesabu hakumvamia Mungu katika siri yake. Tukimwabudu kwa yale tusiyoyajua tu, basi kila kitabu kipya cha elimu kitatupunguzia ibada. Isitoshe, siku ile ya 2013 wageni waliofika Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, walikuwa na hesabu sahihi hata ya sekunde. Punde kabla ya wakati, upepo ukaja na vumbi na mawingu, na wengi hawakuona walichokifuata.

Wenye hesabu wameshaandika kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa, na kivuli kitapita Misri kisha kifunike Makka yenyewe. Imamu wa huko atasimama kwa rakaa mbili, kila moja na rukuu zake mbili, hali dakika yake aijua tangu zamani.