Mzee Hasikii, Nani Kanyamaza?

Baba yangu mkubwa pale Ng'ambo, Tabora, masikio yamemchoka. Mama mkubwa naye kachoka kurudia maneno. Eti majirani watadhani wanagombana. Siku hizi humwonyesha kwa kidole tu: chakula, maji ya udhu. Chini ya miembe ya njia ya misafara ya Ujiji, mzee hucheka wenzake wakicheka, kisha huinama. Watu husema, "Uzee huo."

Mwaka 2024 jopo la jarida la tiba la Lancet liliutaja upungufu wa kusikia kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupotewa na kumbukumbu uzeeni, nao hupunguzika.

Tunajua neno jema ni sadaka. Mbona kulirudia linatushinda? Nami nikipiga simu huongea na mama, halafu: "Nisalimie mzee." Kumbe kakaa ubavuni mwake.